Sifuri Isiyokua

Jumatano, saa mbili asubuhi, simu: "Kaka, mfumo wako unasema dawa zote zimeisha muda!" Mwenye duka ana foleni ya wateja watano na hawezi kutoa hata risiti moja ya Panadol.

Kumbe usiku laibrari moja huria tunayoitegemea (msimbo wa watu wengine, wazi kwa wote) imetoka toleo 0.9.3 kwenda 0.9.4, na seva, kwa kuwa niliiruhusu ipokee marekebisho madogo, ikajisasisha. Tarehe iliyokuwa inakuja 06/08/2027 sasa inakuja 2027-08-06. Marekebisho madogo hayo!

Nikapeleka malalamiko kwa watunzaji wa mradi, kwa adabu zote. Jibu: bado tuko 0.x, yaani matoleo yanayoanza na sifuri, lolote laweza kubadilika.

Haya, SemVer, ule utaratibu wa kupanga namba za matoleo ya programu, inawaruhusu. Na ni mimi niliyekata herufi nne za mwisho nikaziita mwaka, hilo tuliache. Lakini SemVer hiyohiyo, kwenye maswali yake ya mwishoni, inasema programu ikishakuwa inatumika kazini, huenda ilitakiwa kuwa 1.0.0 tayari. Mradi huu una miaka sita. Una nembo, una fulana, una kitufe cha kuchangia pesa. Kila kitu kimekomaa isipokuwa namba. Sifuri imegeuzwa kichaka: wakijitangaza, "iko tayari kwa kazi nzito"; ukiwauliza, bado kachanga, kavumilie. Mtoto gani huyu anavaa fulana yenye jina lake na hataki kuanza darasa la kwanza?

Sisemi wote wafuate SemVer. Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, wanahesabu kwa mwaka na mwezi tangu 4.10, yaani Oktoba 2004, na walipochelewa miezi miwili mwaka 2006, 6.04 ikawa 6.06, basi. Donald Knuth anaisogeza TeX, programu yake ya kupanga kurasa za vitabu, kuelekea pai (3.14159...), tarakimu moja kila toleo. Linus Torvalds wa Linux aliruka kutoka 2.6.39 hadi 3.0 mwaka 2011 na kusema wazi kwamba hakuna badiliko lolote kubwa. Sina ugomvi nao, maana ukiiona namba yao unajua utegemee nini na usitegemee nini. Chagua utaratibu wowote, uandike kwenye README, faili la maelezo ya mradi, kisha uushike hata siku unapokubana.

Nimeifunga laibrari yetu kwenye 0.9.3, isijisasishe tena. Juzi wametoa toleo jipya, nikaenda mbio kutazama, nikijua baada ya 0.9 lazima ije 1.0.

Ni 0.10.0.