Adhabu ya Nusu Yadi Haimzuii Mtu

Kwenye futiboli ya Marekani adhabu hupimwa kwa yadi. Beki akivuka mstari unaozitenganisha timu mbili kabla mpira haujaanzishwa, timu yake inarudishwa yadi 5. Ila ipo kanuni inayopindua hesabu yote: adhabu haizidi nusu ya umbali uliobaki hadi mstari wa goli. Mpira ukiwa yadi 1 tu kutoka hapo, zile yadi 5 zinageuka nusu yadi, kama sentimita 45. Kosa likirudiwa, robo yadi. Yaani pale ambapo kosa linamfaa mlinzi kuliko mahali pengine popote, ndipo adhabu yake inapokuwa ndogo kabisa. Kanuni hii ina kasoro, na fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ya Januari 26, 2025 iliianika hadharani.

Philadelphia Eagles walikuwa mlangoni mwa Washington Commanders. Kila mtu alijua kinachokuja: kwotabeki Jalen Hurts, yaani anayeongoza mashambulizi, anapokea mpira, wenzake wanamsukuma kwa nyuma mpaka avuke. Ukitaka kumzuia, lazima ukisie mpira utaanzishwa lini. Frankie Luvu akakisia, akaruka juu ya rundo la wachezaji kabla ya wakati. Mpira ukasogezwa kidogo. Akaruka tena. Kisha mwenzake Jonathan Allen naye akawahi. Hapo mwamuzi Shawn Hochuli akautangazia uwanja mzima kwamba Washington wameonywa: wakirudia, mwamuzi anaweza kuwapa Eagles pointi. Hurts akafunga mara iliyofuata.

Wapo waliosema Hochuli alivuka mipaka. Siwaungi mkono hata kidogo. Sheria za NFL zina kifungu kuhusu vitendo vilivyo wazi kwamba si vya haki, na kinamruhusu mwamuzi, akishauriana na wenzake, kutoa adhabu anayoona inastahili, hata tachidauni, yaani pointi za kuufikisha mpira mstari wa goli. Sisi tulioitazama Uruguay na Ghana mwaka 2010 tunaujua uchungu wa mchezo usio na kifungu hicho. Luis Suárez aliuzuia mpira kwa mkono mstarini, akala kadi nyekundu, Asamoah Gyan akapiga penalti ikagonga mwamba, na Afrika ikakosa nusu fainali yake ya kwanza ya Kombe la Dunia.

Kinachonisumbua ni kwamba uamuzi mzito hivi umeachiwa ujasiri wa mwamuzi mmoja. Mwingine angeendelea tu kupima nusu ya nusu. Na NFL ikitaka kuziba mwanya, inaziba. Januari 2020 Tennessee Titans ya kocha Mike Vrabel ilifanya makosa kwa makusudi dhidi ya New England Patriots ili saa izidi kukimbia. Kabla ya msimu uliofuata kanuni ikabadilishwa.

Basi na hili liandikwe wazi. Ndani ya yadi 5 za mwisho, kosa la kwanza lipimwe kama sasa. La pili, washambuliaji wapewe dauni nne mpya, yaani majaribio manne ya kusonga mbele. La tatu, tachidauni. Najua nitaambiwa kwotabeki, anapoita mpira uanzishwe, atabadilisha mlio wa sauti yake makusudi ili beki aruke mapema. Abadilishe tu. Mabeki wanaruhusiwa kuutazama mpira badala ya kumsikiliza yeye.