Mtandao ukisumbua, anayetembea ni mgonjwa

Kila nikirudi Mbeya naimbiwa wimbo uleule: "Ninyi wa Uingereza mnafaidi, kule hospitali ni kubonyeza tu." Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye hospitali kubwa kaskazini mwa England, na ninaloliona huko si hilo. Mwaka 2018 chama cha madaktari wapasuaji kiliuliza na kukuta faksi karibu 9,000 bado zinafanya kazi katika hospitali za umma za England. Serikali ikapiga marufuku kununua nyingine kuanzia Januari 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2002, walianzisha mradi wa kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa nchi nzima. Ulimeza mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 wakatangaza kuuvunja. Mpaka leo unaweza kupigwa picha hospitali moja, na daktari wa hospitali ya mtaa wa pili asiweze kuiona.

Kwa hiyo mtu asiniambie tunachokosa nyumbani ni kompyuta. Kompyuta tunazo. Zimewekwa juu ya foleni zilezile za zamani, na hakuna aliyepunguza hata dirisha moja.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama mdogo hospitali kubwa mojawapo ya nyanda za juu kusini. Anatibiwa kwa bima ya mwanawe ambaye ni mwalimu. Dirisha la kwanza, kuhakiki kadi: weka kidole. Mashine ikakataa. Weka kingine. Ikakataa. Mama mdogo amechuma chai Rungwe tangu usichana wake, vidole vyake vimelainika kama kokoto za mtoni, alama zilishafutika zamani. "Mama, kanawe mikono halafu urudi," akaambiwa, kwa upole tu, yule binti hakuwa na ubaya. Akanawa, akajifuta na khanga, akarudi, mashine ikakataa tena. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Mwishowe binti akainuka kwenda kumtafuta bosi wake, na foleni nzima ikasimama kumsubiri bosi.

Tulipomaliza hapo tukaenda kwa daktari, daktari akaandika vipimo kwenye kompyuta, halafu tukarudishwa dirisha la bima vipimo vikaidhinishwe, ndipo twende maabara. Dawa moja ilikuwa nje ya bima. Tukapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu palepale, ujumbe wa kulipa ukaingia kwenye simu yangu. Dirishani: "Bado haijasoma, kaka." Dakika zikapita. "Mtandao unasumbua, subirini pale kwenye benchi." Nikamwonyesha ujumbe. "Naamini umelipa, lakini kwangu haijasoma."

Mfumo wa malipo wenyewe siulaumu. Fedha kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya serikali, badala ya kupita mikononi mwa karani, ni jambo jema, na anayekumbuka enzi za risiti za kuandikwa kwa mkono anajua kwa nini. Kinachonikera ni kwamba mfumo ukigoma, gharama yote inamwangukia mgonjwa. Zamani tulikwenda na daftari la shule, daktari akaandika humo, tukarudi nalo nyumbani. Daftari halikuhitaji umeme. Sasa maelezo yako yamo kwenye kompyuta, lakini wa kuzunguka nayo kutoka dirisha hadi dirisha bado ni wewe.

Wahudumu nao nawahurumia. Muuguzi anaingiza taarifa kwenye kompyuta, kisha anazinakili zilezile kwenye vitabu vya MTUHA, yale madaftari makubwa ya serikali ya takwimu za afya. Kazi moja, mara mbili, na wodi imejaa. Ukimkuta amekunja uso, usidhani ni roho mbaya.

Kule ninakofanya kazi, siku wodi yetu ilipoacha karatasi na kupewa vifaa vya mkononi vya kurekodi mapigo na joto la mgonjwa, wauguzi wa siku nyingi walilalamika vilevile. Mmoja alikaribia kustaafu kwa hasira. Lakini wiki za mwanzo kulikuwa na watu wenye fulana za rangi kali wakizunguka wodini mchana na usiku, kazi yao kumsaidia yeyote aliyekwama. Huku kwetu mara nyingi mafunzo ni semina, posho, picha ya pamoja, halafu kila mtu atajijua.

Msidhani basi mgonjwa wa kule anadeka. Anayetaka kumwona daktari wa mtaani siku hiyohiyo mara nyingi anapiga simu saa mbili kamili asubuhi, pamoja na mtaa mzima, na kusikiliza muziki mpaka anaambiwa nafasi zimekwisha. Barua ya miadi inaweza kukufikia siku ya miadi imeshapita, na ukitaka mtu wa kumlalamikia humpati. Nyumbani angalau binti wa dirishani aliinuka kwenye kiti. Mwezi wa tano 2017, virusi vya kompyuta vilipovamia hospitali za kule, maelfu ya miadi yalifutwa. Wahudumu walishika kalamu na karatasi, na katika hospitali nyingi matibabu ya dharura yakaendelea.

Hospitali zetu zinaweza kuanza na hilo. Kila dirisha liwe na fomu za karatasi kwa ajili ya siku mtandao unapokatika, na karani awe na ruhusa ya maandishi kuzitumia bila kumtafuta bosi. Mwenye ujumbe wa malipo apewe dawa, namba iandikwe, uhakiki ufanyike jioni. Ombi la idhini ya vipimo litoke chumba cha daktari kwenda dirisha la bima kwa kompyuta, maana waya tayari umeshatandazwa na mashine ziko pande zote mbili. Na kwa wazee wasio na alama za vidole, picha iliyo kwenye kadi inatosha: mwangalie usoni, mwandike, apite.