Mama anatuma pesa mwenyewe, kwa nini fomu ajaziwe?

Wiki iliyopita nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari moja karibu na stendi, hapa Morogoro, nikakuta foleni. Wengi walikuja kujaziwa fomu za mtandaoni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, ameshika bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa cha binti yake, matokeo ya kidato cha nne na picha za pasipoti. Maombi ya chuo. Simu janja anayo, na bando lilikuwamo. Alishajaribu nyumbani siku mbili, akashindwa.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, kwa hiyo nilisogea nikatazama. Hata kijana wa steshenari, anayeijaza fomu ile kila siku, alihangaika. Tarehe ya kuzaliwa ya mzazi ilitakiwa ichaguliwe kwenye kalenda inayofunguka mwezi huu tulio nao, na kurudi nyuma ni mwezi mmoja mmoja. Mama amezaliwa 1978. Piga hesabu: ni kubonyeza zaidi ya mara mia tano. Namba ya simu ikakataliwa kwa kuwa ilikuwa na nafasi katikati, kitu ambacho kompyuta ingekiondoa yenyewe bila kumsumbua mtu. Kisha picha ikazidi ukubwa. Yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba taarifa si sahihi, bila kusema ni taarifa ipi. Ukurasa ulipofunguka upya, vyote vilivyojazwa vilikuwa vimefutika.

Hilo la kufuta ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu amekaa nusu saa akiandika kwa kidole kimoja, amekosea jambo moja, nasi tunamfutia na yale ishirini aliyopatia. Kuyahifadhi si kazi kubwa. Ni mistari michache ya msimbo wa programu, na anayeiacha ameamua kwamba muda wa mtumiaji si kitu.

Huwa tunasema watu wetu hawajauzoea mtandao. Sikubali. Mama yule anapiga *150*00# akiwa sokoni, anatuma pesa kwa mwanawe, na haombi msaada wa mtu. Menyu ile inamwuliza kwa Kiswahili, jambo moja kwa wakati mmoja: namba, kiasi, namba ya siri. Kabla pesa haijaondoka anaonyeshwa jina la anayepokea. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani hizo menyu za nyota na reli, hauzidi herufi 182, basi waliopanga menyu hizo hawakuwa na nafasi ya kumwaga maneno. Sisi wa tovuti tumepewa nafasi tele, tukarundika maswali arobaini kwenye ukurasa mmoja.

Wenzetu waliojenga GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza iliyozinduliwa Oktoba 2012, wanashauri uanze na jambo moja kwa kila ukurasa. Na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, ambao ni bure kuusoma, unataka kosa litajwe kwa maneno na mtu aonyeshwe lilipo. Toleo la 2.2, la Oktoba 2023, linataka pia usimwulize mtu mara ya pili alichokwisha kukujibu katika maombi hayohayo.

Lakini mwongozo peke yake hautoshi, kaa na mtu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kuijaribu tovuti na watumiaji watano kunatosha kuibua sehemu kubwa ya kasoro zake. Mimi huchukua simu ya bei rahisi, nampa mtu asiyeijua kazi yangu, namwambia anachotafuta, kisha nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu sana! Safari moja dada muuza mboga alibonyeza maneno "Tuma Maombi" mara nne, akidhani simu imeganda. Kumbe kile kilikuwa kichwa cha ukurasa, nilichokipaka rangi ya kijani ndani ya boksi. Kitufe chenyewe kilikuwa chini, maandishi ya kijivu juu ya kijivu, na juani pale hakionekani kabisa. Mwezi mzima nilikuwa nimeitazama kazi ile kwenye kioo kikubwa, kivulini, nisilione. Siku ileile nilibadilisha vyote viwili.

Pale steshenari kijana alimaliza baada ya dakika hamsini. Akageuza bahasha, akaandika neno la siri mgongoni kwa kalamu ya wino. Barua pepe aliyoweka ni yake, maana fomu ilidai barua pepe na mama hana.

"Kwa hiyo mwanangu, majibu yakitoka yatakuja kwako?"

"Ndiyo mama, utakuwa unapita kuuliza."

Mama alilipa, akaikunja bahasha, akauliza basi la mwisho la kwenda Turiani linaondoka saa ngapi.