Nimekwenda Muheza kwa Baiskeli, Msiniulize Kitu

Naandika haya nimesimama. Siyo kwamba humu kwa shangazi, hapa Tanga, hakuna viti. Vipo vinne na kochi juu yake. Ila tangu jana jioni mimi na viti hatusalimiani.

Aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Dar es Salaam nimehamia miaka 26 iliyopita, na kwa miaka yote hiyo, ukiacha kazi ninayolipwa, kazi yangu nyingine pale ofisini imekuwa kuwaponda wenzangu wakati wa chakula. Hizo nazo mnaita mbaazi? Hilo ni chungwa au ni ndimu iliyojitahidi? Kisha nawasimulia jinsi nilivyokuwa naendesha baiskeli mpaka Muheza na kurudi kabla ya adhuhuri, karia imebeba gunia la machungwa, na mdogo wangu kakaa juu ya gunia. Wiki iliyopita kijana mmoja asiye na adabu akaniuliza, "Mzee, hiyo ilikuwa awamu ya rais gani?" Watu wakacheka. Nikasema mwezi huu huu nakwenda, naendesha, na picha mtaiona.

Basi jana asubuhi nikaenda kukodi baiskeli, shilingi 5,000 kutwa. Mwenyewe akanitazama tumbo, akatazama tairi la nyuma, akarudi kulitazama tumbo. Halafu akachukua pampu akaongeza upepo. Hakusema neno. Bora angenitukana.

Sikuweza kuondoka mjini bila mbaazi. Nikaenda palepale pa zamani. Mama mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Sasa anauza binti yake, ambaye naye ana mvi, jambo ambalo sikulipenda maana tulikuwa rika moja. Lakini sufuria ni ileile kwa kuangalia: imefunikwa sinia, juu ya sinia mahamri yamelazwa chini ya kitambaa cheupe, na akifunua, tui limeshika ukingoni na harufu ya iliki inakukamata pua kama mtu anayekudai. Nikala mahamri manne. Mchuzi ukabaki, nikaongeza mawili. Hamri likabaki, nikaongeza mbaazi. Hiyo hesabu hakuna mtu wa Tanga aliyewahi kuifikisha mwisho.

Ila hamri jamani! Zamani moja lilijaa kiganja. Hili la jana unaliona kwa kuelekezwa. Nikamwambia, "Dada, mahamri yenu yamepungua." Akajibu bila kuinua macho: "Hayajapungua, kaka. Mkono wako ndio umenenepa."

Nikaondoka. Kufika Majani Mapana zile mbaazi zikaanza kudai haki zao. Na njia yenyewe, wallahi, zamani ilikuwa tambarare. Kuna mtu ameiinua. Ukweli ni kwamba Tanga ipo pwani na Muheza ipo bara, kwa hiyo barabara inapanda kidogo kidogo, kinafiki, macho hayaoni kilima lakini magoti yanakijua. Nilipokuwa na miaka 15 magoti hayakuwa na umbeya.

Shuleni tulifundishwa kwamba Wajerumani walianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893 wakafika Muheza mwaka 1896. Kilometa 40, miaka mitatu. Tulicheka darasa zima, tukawaita wavivu. Nachukua nafasi hii kuwaomba radhi. Nilipofika Pongwe tu, nilikuwa natamani miaka mitatu.

Pongwe nikapata mihogo ya kukaanga na pilipili, nikashushia madafu mawili, maana dafu moja ni la kuonja. Mbele, mkonge. Mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka. Mkonge nao uliingia nchini mwaka huohuo wa 1893: Mjerumani mmoja, mtaalamu wa kilimo aitwaye Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika mizima 62. Malori yananipita, upepo wake unanisukumia majanini, jua la saa tano linanipiga kisogoni, na mimi nawaza kitu kimoja tu: hivi nimo kwenye wale 62 au kwenye wale 938?

Jibu lilikuja karibu na Mkanyageni. Pancha.

Nikasukuma mpaka kwa fundi aliyekaa chini ya mwembe. Kijana mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Akavua tairi, akatoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji akiizungusha polepole, na mapovu yakatoka mahali pawili. "Babu, umebeba nini?" Nikasema sijabeba kitu. Akatazama tumbo. Kwa nini watu wote wa mkoa huu wanatazama tumbo? Akakwangua kwa kipande cha msasa, akapaka solusheni, akaipuliza, akabandika kiraka.

"Kiasi gani?"

"1,000, mgeni wetu."

Mgeni! Nikamwambia mimi mtu wa hapa. "Hapa wapi?" Ngamiani. Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Babu, unaongea kama mtu wa Dar. Mwenyeji ni 500, lakini mwenyeji hawezi kukubali kuendesha saa hizi." Nikabishana naye kwa dakika kumi, nikamtajia mitaa, misikiti, mpaka timu, Coastal na African Sports. Mwishowe nikalipa 1,000. Iliniuma kuliko tandiko.

Muheza nikaingia saa saba na nusu. Nikaagiza bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa samaki wa nazi. Mwenye mgahawa akaniuliza kama nitaliweza au aniletee wali. Sikumjibu. Niliosha mikono kwa hasira.

Sasa chungwa. Muuzaji alilimenya kwa kisu kidogo, ganda likishuka kama utepe usiokatika, akakata kifuniko juu, akanipa. Nje kijani kibichi, ndani asali. Nikafyonza nikitafuta kasoro, maana siku hiyo nilishazoea. Sikuiona. Nikala la pili kuhakikisha. La tano nikawa naogopa tu kuacha. Nilifumba macho pale stendi, maji yananitiririka mpaka kiwiko, na kwa dakika mbili hivi sikuwa na lalamiko lolote, hata mke wangu asingenitambua.

Kurudi? Nani kasema kurudi! Kondakta wa daladala alitoza baiskeli nauli kubwa kuliko yangu, akidai yenyewe inasafiri juu, ina hewa.

Lakini picha niliipata. Nilimpa kijana mmoja simu, nikashika chungwa, nikajaza kifua, nyuma yangu kibao cha Muheza kinasomeka vizuri kabisa. Nikawatumia ofisini usiku ule. Yule asiye na adabu kajibu asubuhi hii:

"Hongera mzee. Ila mbona huko nyuma kuna watu wanapandisha baiskeli juu ya daladala?"

Sijamjibu. Bado nimesimama.