Karatasi ya hasi isiyo na tarehe

Kipimo cha VVU kwenye zahanati zetu ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unachoma kidole, unaweka damu kwenye kitundu, unadondosha maji yake, unasubiri kama robo saa. Ikitokea mistari miwili, unamwita mtu pembeni na mazungumzo yanakuwa marefu. Ukitokea mmoja tu, pale penye herufi C, tunaandika hasi na mtu anaaga. Dakika mbili hazifiki. Leo nina neno na hizo dakika mbili.

Nimekaa maabara miaka mingi hapa Kigoma, mingi zaidi katika zahanati moja ya karibu na mwalo. Kijana mmoja wa kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa, aliingia asubuhi akinuka dagaa, ngozi imepauka kwa upepo wa ziwa. Homa siku ya nne, koo linauma, tezi za shingo zimetuna, vipele vidogo kifuani. "Dokta, nipime malaria fasta, usiku tunaingia ziwani." Huku kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, hata sisi wa maabara.

Malaria hakuna. Nikamshauri apime na VVU, akaridhia. Hasi. Nikamwambia, "Uko safi, kaka." Akapewa dawa za kutuliza homa, akaondoka.

Alirudi baada ya mwaka na ushei, mkanda wa jeshi umemshika mbavu za kushoto, mkewe yuko nyuma yake. Wote wawili mistari miwili. Siwezi kuapa kwamba ile homa ya kwanza ndiyo ilikuwa yenyewe. Ninachojua ni kwamba sikumuuliza swali hata moja, na neno "safi" lilitoka kinywani mwangu.

Kile kidude hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umetengeneza baada ya kuvamiwa, na mwili haujibu siku hiyohiyo. Kwa wengi kingamwili zinaonekana baada ya wiki tatu au nne hivi, wengine huchelewa, ndiyo maana tunasema mpaka miezi mitatu. Sasa angalia kinachoendelea huku nyuma. Kati ya wiki ya pili na ya nne, virusi vinaweza kupita milioni moja katika kila mililita ya damu, kiwango ambacho huenda mtu huyo asikifikie tena kwa miaka mingi. Hapo ndipo anapoambukiza kwa urahisi kuliko wakati wowote, na ndipo karatasi yake inaweza kusomeka hasi.

Halafu kuna utumbo. Tumezoea kuhesabu CD4, askari wa kinga ya mwili ambao VVU huwavamia, za kwenye damu, kumbe sehemu kubwa ya askari hawa wanaishi kwenye ukuta wa utumbo, na wiki za mwanzo virusi vinawafyeka huko kabla mgonjwa hajajua chochote. Mwili haukai tu. Unatoa askari wa aina nyingine, CD8, wanaoziua seli zilizokwisha kuvamiwa, na kazi yao ndiyo inayoshusha virusi kutoka kileleni. Homa inapoa, vipele vinakauka, mtu anasema malaria imeisha. Virusi vinatulia kwenye kiwango fulani, na kiwango hicho ndicho kinachoashiria ugonjwa utakwenda mbio au polepole. Wakati huohuo baadhi ya virusi vimeshajificha ndani ya seli zilizolala, mahali ambapo ARV hazivifikii. Kule kujificha kunaanza ndani ya siku chache tu. Ukianza dawa mapema akiba hiyo inakuwa ndogo, lakini haifutiki, kwa hiyo dozi ni ya maisha.

Tena kwa suala hili sisi tuna majirani. Boti za Gombe zinaondokea hapa Kibirizi. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba sokwe wa Gombe wenye SIV, binamu wa VVU, walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa rika lao wasio nayo, na kwamba CD4 zao zilipungua. Kabla ya hapo wengi waliamini sokwe wanaishi nayo bila kudhurika. (Nikisimulia hivi kijiweni kuna mtu lazima aseme "kumbe ukimwi ulitoka kwetu!" Hapana. VVU iliyosambaa duniani asili yake imefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni.)

Dunia nayo ilichelewa kukubali kwamba muda ni mali. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu waanzishiwe dawa CD4 zikishuka hadi 350, mwaka 2013 likapandisha hadi 500. Tulikuwa tunawarudisha watu nyumbani wakasubiri wadhoofike! Mwaka 2015 utafiti wa START, uliokuwa na watu 4,685 katika nchi 35, ulionyesha kwamba wanaoanza wakiwa bado na CD4 zaidi ya 500 wanapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kuugua vibaya au kufa. Septemba mwaka huohuo shirika likasema kila mwenye VVU aanze. Tanzania ilianza kufanya hivyo Oktoba 2016. Leo anayekutwa na VVU anaweza kutoka CTC, kliniki ya wenye VVU, na vidonge siku hiyohiyo, na hilo naliheshimu sana. Lakini siku hiyohiyo inahesabiwa tangu karatasi iliposema chanya. Kirusi kilianza kuhesabu zamani.

Kwa watoto wachanga tulishaelewa. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema kunapunguza vifo vyao kwa asilimia 76, na ndiyo maana mtoto wa mama mwenye VVU hatumsubirishi kingamwili. Tunachukua tone la damu na kutafuta kirusi chenyewe. Sidai kila mwenye homa afanyiwe hivyo. Mwaka 2017 karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka 5 mkoani hapa alikutwa na malaria, hakuna mkoa uliotuzidi, kwa hiyo homa hapa ni nyingi kuliko vipimo. Ninachodai hakina gharama. Homa ikiwa na koo, tezi na vipele, na malaria hakuna, muulize mtu kama wiki chache zilizopita alilala na mtu bila kinga. Akikwambia ni juzi tu, masaa 72 hayajapita, kuna dawa za kinga za siku 28, mpeleke sasa. Kama yamepita, mwambie atumie kondomu hata kwa mkewe, na umwandikie tarehe ya kurudi.

Wenzangu wananijibu kwamba watu wa ziwani hawarudi. Nami niliamini hivyo, mpaka mzee mmoja wa mtumbwi aliponirudishia karatasi yenye tarehe niliyoiandika kwa mbwembwe. "Mwanangu, tarehe mimi sizijui. Niambie mwezi ukoje." Kipe hakivui vizuri mbalamwezi, taa haziwavuti dagaa mwezi ukiwa umejaa, wanakaa nchi kavu wakishona nyavu. Na kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni wiki nne na ushei, muda uleule ninaoutaka kwa kipimo cha kwanza cha marudio.

Siku hizi nyuma ya karatasi ya hasi nachora duara.