Kibengali tukisome kwa Kiswahili

Duka la ushoni ninakofanya kazi liko Ruwi, hapa Maskati. Mafundi ni wanne, wote wa kutoka Bangladesh, na Mswahili ni mimi peke yangu. Miaka miwili ya mwanzo tulielewana kwa Kiarabu cha dukani: bei, rangi, njoo kesho. Kisha mmoja wao akafiwa na mama yake kijijini kwao. Nilitaka kumpa pole nikaona sina maneno, nikamwambia yaleyale ambayo mteja yeyote angemwambia. Alinishukuru, akarudi kwenye cherehani yake. Nililala na jambo hilo, na wiki hiyohiyo nikaanza kutafuta kitabu cha Kibengali.

Nilichokipata kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza. Tangu kurasa za mwanzo kinamwonya msomaji kuwa hii ni lugha ngumu. Huu ni mwaka wa tatu niko nacho, na nimefika mahali pa kusema wazi: ugumu uliomo humo si wetu. Kinatutisha kwa mambo tuliyokua nayo, na yanayotukwaza sisi hasa hakiyagusi.

Mfano ni maelezo marefu kwamba kiwakilishi kimoja, she, kinatosha kwa mwanamume na mwanamke. Sisi tuna "yeye", imekwisha hiyo. Kinaeleza pia, kama jambo la ajabu, kuwa Wabengali hula vitu visivyolika. Rushwa ni ghush, na kupokea rushwa ni ghush khaoa, kula rushwa. Aliyepigwa amekula kipigo, mar khaoa. Nani kwetu anahitaji kufafanuliwa hayo, wakati rushwa tunazila na viboko tumevila? Jipya kwangu lilikuwa kwamba hata maji na sigara kwao huliwa kwa kitenzi hichohicho.

Maneno nayo. Bondor ni bandari. Jahaj ni jahazi, ingawa kwao ni meli yoyote. Gari ni gari, bima ni bima, dokan ni duka, khobor ni habari, na lakh yao ndiyo laki yetu. Ni maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi yaliyosafiri na vyombo vya Bahari ya Hindi yakashuka kwao na kwetu. Kolkata kuna msikiti mkubwa uitwao Nakhoda, na Mswahili wa pwani hahitaji kamusi kumwona nahodha humo. Mwandishi wa kitabu changu hakuwa na sababu ya kunionyesha haya, wala simlaumu, lakini niliyagundua mojamoja, kwa miezi, nikiwa nakata nyuzi.

Hata zile sauti zinazoogopwa. Kibengali hutenganisha t kavu na t yenye pumzi, na tena t ya kwenye meno na t ya nyuma yake. Bibi yangu mzaa mama, Mmvita, alikuwa akisema paa la nyumba na paa wa mwituni kwa p mbili tofauti, ya pili ikitoka na pumzi, na t zake zilikuwa mbili pia. Shuleni tuliandika zote sawa, masikio yetu yakasahau. Yanaweza kukumbushwa.

Mtego wetu halisi uko kwenye herufi za Kilatini. Kitabu kinaandika dh, gh, th na kh ili kuonyesha pumzi. Mswahili akiona dh anasoma ile ya dhahabu, akiona gh anasoma ya ghali, akiona th anasoma ya thelathini, na zote tatu anakosea. Ghor, yaani nyumba, huanza na g inayofuatwa na pumzi. Nilisoma hivyo miezi minne kabla fundi mmoja hajanisimamisha na kunirekebisha neno kwa neno. Kwa hiyo anayetaka kuanza ningemshauri aache herufi za Kilatini siku ya kwanza aingie kwenye mwandiko wao wenyewe, hata ukimchukua wiki sita.

Na mwandiko huo utamsumbua, sitaficha. Sisi tumelelewa na lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kibengali kina herufi tatu ambazo mara nyingi zote husomwa sh. Kina i mbili na u mbili za maandishi ambazo mdomoni hazitofautiani. Irabu nyingine haiandikwi kabisa: kalamu huandikwa k-l-m na husomwa kolom. Konsonanti zikikutana huungana zikawa umbo jipya, na mara nyingine sauti yake haifanani na wazazi wake. Neno la sayansi lina j na ny zilizounganishwa, lakini husomwa biggan. La mume lina s na w, nalo husomwa shami. Hapa hakuna njia ya mkato niliyoiona zaidi ya kuandika kwa mkono kila siku.

Tarakimu ziliniponza kazini. Nne yao, ৪, ni nane yetu kwa umbo. Saba yao, ৭, inafanana na tisa. Mbili, ২, karibu ni mbili yetu, na hiyo ndiyo inayokulaghai. Fundi aliandika mkono wa abaya ২৪, yaani inchi 24, mimi nikasoma 28, na mteja alipovaa mikono ilimfunika vidole. Kuzitamka ni shida nyingine, maana mpaka 99 karibu kila namba ina jina lake. Sisi tukishajua ishirini na tano tunajua thelathini na tano. Wao 25 ni ponchish, 35 ni poytrish, 45 ni poytallish, 55 ni ponchanno. Unakariri.

Lakini lililoniumiza ni la heshima. Kwa Kiswahili mtu ni wewe, awe mtoto au mzee, na heshima tunaiweka kwenye shikamoo, kwenye jina la ukoo, kwenye sauti. Kibengali kina "wewe" tatu. Tui ni ya mtoto au mwandani, tumi ni ya rafiki na mpenzi, apni ni ya mkubwa na mgeni, na kila moja ina kitenzi chake: korish, koro, koren. Mimi masikio yangu yalikuwa yamezoea tamthilia zao za mtandaoni, ambamo vijana wanapendana na kila sentensi ni tumi. Nikaja dukani nikamwambia fundi wetu mkubwa, mzee wa umri wa baba yangu, tumi. Nilidhani namkaribia. Alinyamaza, akajibu kwa Kiarabu. Iliendelea hivyo siku kadhaa mpaka kijana wake akanivuta pembeni akanieleza. Fikiria mtu aliyeingia kwa mzee wako kila asubuhi bila shikamoo, tena akitabasamu. Nilimwomba radhi kwa apni, nikamwita chacha, yaani ami, na tangu siku hiyo yeye ananiita apa, dada mkubwa, japo umri wangu ni wa bintiye.

Majina ya jamaa yenyewe yanahitaji tahadhari. Mama kwao ni mjomba, na Dhaka hata mwendesha riksho huitwa mama. Kaka ni baba mdogo. Dada, kwa Waislamu wengi wa Bangladesh, ni babu mzaa baba, na kwa Wahindu ni kaka mkubwa. Maji ni pani upande mmoja na jol upande mwingine, na ukitaja moja umeshajulikana umejifunzia kwa nani.

Halafu kuna hili: mafundi wetu wawili ni wa Chittagong. Wakizungumza wenyewe, "mimi" haiwi ami ya kitabuni, inakuwa ãi, na mwenzao wa Dhaka huomba warudie. Watu zaidi ya milioni 200 wanasema Kibengali, na vijana waliuawa kwa risasi Dhaka tarehe 21 Februari 1952 wakidai lugha hii itambuliwe. Basi nisitarajie imalizike kwenye kitabu kimoja.

Nimeanza daftari, daftari la vipimo lililobaki kurasa nyingi. Kushoto Kiswahili, kulia Kibengali kwa mwandiko wao, bila Kiingereza katikati. Ukurasa wa kwanza ni bandari, jahazi, gari. Ukurasa wa pole niliujaza kwa msaada wa yule aliyefiwa, sentensi tatu, akanisomesha mpaka zikanikaa. Jana chacha alipofunga mashine hakusema jai, naenda, maana kwao kuondoka hivyo si kuzuri. Alisema ashi, nakuja. Nikamwambia kwetu pia mtu huinuka akasema "nakuja" huku anatoka mlangoni, naye akarudi, akachukua kalamu, akaniandikia neno hilo mwenyewe.