Mzee wa Chapo na PIN ya KRA

Kompyuta niliyopewa kazini ilikuwa ya jamaa aliyekuwa amepata kazi Mombasa. Nikaambiwa nisome kwanza mwongozo wa ofisi. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kabla ya kuanza, weka jina lako kwenye faili la mipangilio." Faili lipi? Kimya. Aliyeandika alijua, akadhani dunia nzima inajua, kama mtu wa Githurai anayekuelekeza ushukie "pale palipokuwa na duka la nguo."

Basi nikaandika ile amri ya Git (programu inayoweka kumbukumbu ya nani amebadilisha nini kwenye mradi) yenye --global, jina langu likaingia kwenye .gitconfig, faili langu la mipangilio. Nikakagua kwa --global hiyohiyo: jina langu hilo hapo, limetulia. Nikapiga kazi.

Siku ya kukabidhi mradi tukaenda Upper Hill kwa mteja. Kijana wao wa mitambo, sijui nani alimtuma, akafungua kumbukumbu za mradi kwa projekta, ukuta mzima. Mzee wa Chapo amerekebisha fomu ya malipo. Mzee wa Chapo ameongeza ulinzi wa nywila. Saa nane za usiku, Mzee wa Chapo bado yuko macho, anafuta makosa ya Mzee wa Chapo.

"Huyu ni nani?" mkurugenzi akauliza.

Bosi akakohoa. "Mshauri wetu wa nje. Mtu mzito. Hapendi mikutano."

Nikafungua mdomo, nikakanyagwa mguu chini ya meza.

"Kazi safi sana. Na huyu kijana?"

"Huyu ametusaidia kubeba projekta."

Jioni nikachimba. Git husoma /etc/gitconfig ya kompyuta nzima, kisha .gitconfig ya mtumiaji, kisha .git/config iliyo ndani ya folda ya mradi. Zikipingana, linalosomwa mwisho ndilo linaloshinda. Jamaa wa Mombasa alikuwa amejiandika kwa jina la utani kwenye hilo la ndani, nami nikarithi folda na vyote vilivyomo. Kukagua kwa --global kulinionyesha faili langu tu, si jina ambalo Git ilikuwa inalitumia. Amri inayosema kweli ni git config --list --show-origin: inataja kila mpangilio na faili ulikotoka. Na Git yenyewe haiombi kitambulisho. Ukijiita Sultani wa Zanzibar, inaandika. Jina likishaingia kwenye kumbukumbu, kubadilisha mipangilio hakulitoi.

Nikauandika upya ule ukurasa: faili gani liko wapi, lipi linashinda lipi, na namna ya kukagua. Bosi akausoma akisimama.

"Mbona ndefu hivi? Si ungesema tu faili la mipangilio?"

Wiki iliyofuata mhasibu wa mteja akatuandikia. Kumbe bosi alikuwa amechomeka kwenye ankara mstari wa "ada ya mshauri wa nje." Malipo yako tayari, mhasibu akasema, ila ada ya ushauri hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo anaomba PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi, ya Bwana Chapo.

Bosi akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Wewe si ndiye unayejua mambo ya mafaili?"